Jasho la Bunduki

Mwaka jana, fundi aliyekuwa akiezeka nyumba yangu hapa Morogoro alikuja asubuhi na ndoo ya oili chafu, ile inayomwagwa gereji magari yanapobadilishwa oili, akaanza kuzipaka mbao za paa zisije zikaliwa na mchwa. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Harufu iliponifikia niliuweka ungo chini, nikakimbilia nyuma ya choo, nikatapika chai yote na kiporo cha muhogo. Nilipoinua uso nilimwona fundi juu ya ngazi, brashi mkononi, anatabasamu. "Hongera, dada," akasema. Mwanangu wa mwisho ameshaanza kunyoa ndevu, kwa hiyo ile hongera sikujua niipeleke wapi. Nilimwambia ashuke akanywe chai, nikamwacha na dhana yake.

Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza, ingawa nawaonya mapema kwamba habari yenyewe ni ya kinyaa, na sehemu ya mwisho ndiyo inayonuka zaidi.

Nimekulia Mikumi, nyuma ya zile nyumba za wageni ambako malori ya kwenda Iringa na Zambia hulala. Upande mmoja wa uwanja wetu palikuwa na gereji, na upande wa pili alikaa Mama Neema, mama lishe aliyewapikia madereva. Ndiyo kusema harufu ya oili chafu niliijua kabla sijajua a, e, i, o, u. Ilikuwa kwenye udongo tuliochezea, kwenye madimbwi ya mvua, na kwenye miguu ya kuku wetu. Ungenifumba macho ukanipitisha mtaa mzima, ningekuonyesha ilipo.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza, kazi ambazo watu wanazihitaji lakini hawamsifu mtu kwazo. Madereva walimwita "we fundi", na hata mtu aliyelala miaka kumi kwenye kitanda chake hakumbuki jina lake. Kisha zikaja mbao za bunduki. Wazee wawindaji wenye leseni, wa Kilosa, wa Msowero, wa huko Ruaha kwenye miwa, walikuwa na bunduki kuukuu za jeshi, mabaki ya vita vya Wazungu, ambazo ziliuzwa baada ya majeshi kuzichoka. Chuma chake kilikuwa bado kizima lakini mbao zilikuwa zimechakaa. Sheria haikumruhusu seremala kushika bunduki, basi mwenye bunduki alikifungua chuma kwake nyumbani na kukihifadhi, akaja na mbao peke yake ndani ya kiroba. Nilipoiona ya kwanza nilidhani ni mguu wa meza uliokosewa.

Niwaambieni ukweli, hakuna kitu kichafu kama mbao ya bunduki ya zamani. Mnaona picha za askari wameziegemezea mashavu, mnadhani ni fahari. Mimi niliyaona yale mashavu. Kwenye kitako, mahali mwindaji anapolaza uso wake akilenga, mbao ilikuwa nyeusi na ya kunata kwa jasho la watu tusiowajua, wengine wamekufa kabla bibi yangu hajaolewa. Baba alikwangua kwa kipande cha chupa, kwa sababu kioo kilichovunjika vizuri hukwangua kuliko randa, na utando ule ulijikunja chini ya kioo kama ukoko wa maharage yaliyoungua. Ndani yake mlikuwa na nywele. Niliziona kwa macho yangu, nywele fupifupi za ndevu, na mara moja kitu kilichokuwa kama ngozi. Baba aliufuta utando kwa kidole gumba, akakifuta kidole kwenye suruali, na kwa kidole hichohicho akaja kumega ugali.

Baada ya kukwangua alisugua kwa maji ya moto yenye magadi, kwani magadi huvuta mafuta kutoka ndani ya mbao. Kazi ya kutwanga magadi ilikuwa yangu. Mama naye alipikia magadi hayohayo kunde na mlenda, yakakaa kwenye makopo mawili yanayofanana, la jikoni na la karakana, na kila siku ya kunde nilinusa sahani yangu kwanza kabla ya kusema bismillahi. Bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa akiishi nasi, alisema mtoto wa kike anayenusa chakula hatapata mume. Nimepata, na bado nanusa.

Mwisho mbao ilianikwa juani. Hapo ndipo ilipotoka jasho. Jua la Mikumi likishaichoma, mafuta yaliyozama ndani miaka na miaka yalipanda juu yenyewe, matone meusi, mazito, yakitambaa taratibu. Baba aliyafunika kwa chokaa na majivu yanyonye uchafu, akakwangua, akafunika tena, mpaka mbao ikakauka na kuonyesha rangi yake. Kisha alipiga msasa, akapaka linsidi, yale mafuta ambayo wapaka rangi huchanganyia rangi, akayasugua kwa kiganja kitupu mpaka mbao ikapata moto. Ikimalizika ilipendeza mno. Kwangu kule kupendeza ndiko kulikozidisha kichefuchefu, kwa kuwa nilijua kilichotolewa humo, na nilijua si chote kilichotoka.

Sasa siku moja alikuja Mzee Lugendo kutoka Kilosa, mwindaji mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alishuka kwenye basi na kiroba chake begani, tukampa shikamoo wote kwa mpigo, akaitikia marahaba moja ya kututosha. Yeye na Bibi walikuwa watani wa kabila kwa kabila, basi hawakusalimiana kama watu.

"Bado hujafa, mwizi wa kuku wewe?" Bibi alimuuliza.

"Nife nikuachie nani? Nasubiri nikuzike kwanza, nile ubwabwa."

Alipokwisha kunywa maji aliifungua mbao yake, akatuhadithia. Bunduki hii, alisema, ndiyo iliyomuua simba aliyekuwa akila watu mashambani zamani, na baada yake simba wengine. "Nilipomchuna yule wa kwanza, mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta yake, na kwa mikono hiyohiyo niliibeba hii mpaka nyumbani." Alipiga kitako kwa kiganja. "Isafishe, fundi. Nataka kumwachia mwanangu kitu cha heshima." Akapanda basi la jioni akarudi zake Kilosa.

Baba aliikwangua, akaisugua, akaianika juu ya bati lililoinamishwa. Mbao nyingine zilitoka jasho kidogo, lakini hii ilitoka kama imefunguliwa bomba. Matone yalishuka yakajikusanya ukingoni mwa bati, meusi tititi. Bibi alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka, akachovya kidole, akakinusa.

"Simba," akasema. "Haya ni mafuta ya simba. Bunduki imeyanywa, sasa inayatoa."

Mafuta ya simba ni dawa, hilo kila mtu kwetu alikuwa amelisikia. Mtoto anayeshtuka usingizini hupakwa, na mwenye degedege hupakwa na kulambishwa. Hupati kirahisi, na ukipata huna hakika kama si ya nguruwe. Lakini haya yalikuwa yanatoka mbele ya macho ya watu, kwenye bunduki yenyewe iliyomuua mnyama mwenyewe. Wanawake waliokuwa wanateka maji bombani walisogea. Mama Neema alisogea pia na mwanawe Baraka kiunoni, mtoto mnene wa mashavu, ndiyo kwanza anaanza kusimama dede.

Nami nikasogea. Nikanusa. "Mbona inanuka oili chafu," nikasema kwa sauti.

Bibi alinifinya sikio hadi nikaona nyota. Wanawake walicheka, wakasema watoto wa siku hizi. Nikamtazama baba, kwa kuwa yeye ndiye fundi, na pua yake naiamini. Baba aliinama, akanusa bati. Akanitazama. Halafu akasema, "Nenda dukani kalete chumvi." Chumvi ilikuwepo.

Nilifikiri nimekosea. Mtoto akifinywa, na watu wazima wakacheka, yeye ndiye huwa amekosea.

Tangu siku ile mambo yakageuka pale kwetu. Watu walikuja na vichupa vya dawa ya kikohozi, na vifuniko vya mafuta ya nywele. Dereva mmoja alikuja na chupa nzima ya soda akaambiwa aache tamaa. Baba hakuuza hata tone. Alitoa bure, kwa kijiko, taratibu, na alipenda watu wapange foleni. Wale waliokuwa wakimwita "we fundi" sasa walimwita "mtaalamu". Mzee wa kanisa aliyemzidi umri alimkaribisha kiti. Niliona baba anaanza kutembea polepole, anajibu salamu kwa kituo, hata kikohozi chake kikawa na uzito. Na niliona jambo jingine, ambalo sikuwa na akili ya kulifanyia kazi: ile mbao hakuifunika kwa chokaa. Kila asubuhi aliianika tupu, akaweka kopo chini ya ukingo wa bati, akaiacha itoke jasho.

Mama hakuyapenda. Alisema kitu kinachonuka vile hakiingii kwenye mwili wa mtoto wake, akamkatalia Bibi waziwazi, na Bibi akanuna siku kadhaa akila kwa Mama Neema. Lakini mama alikuwa mkwe, na mkwe akishasema lake moja huwa amemaliza.

Siku ninayotaka kuwaambia, mama alikuwa shambani. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Madereva wawili walikuwa wamekaa kwenye gogo na vichupa vyao wakisubiri, Bibi yupo barazani, mimi natwanga magadi. Tukasikia Mama Neema anapiga kelele. Mara akatokea mbio, hana viatu, Baraka amemfunika khanga, na chini ya khanga miguu ya mtoto inarukaruka yenyewe. Macho yalikuwa meupe. Povu lilimtoka mdomoni. Mumewe alikuwa tingo wa lori, safarini. Mama Neema alikuwa anakimbilia hospitali, ng'ambo ya barabara kuu, na njia ilipita uwanjani kwetu.

"Usimpeleke!" Bibi alisimama. "Hilo degedege. Mtoto wa degedege akichomwa sindano haponi. Unataka kumuua?"

Wengi waliamini hivyo wakati ule, na kila mmoja alikuwa na mfano wake. Mama Neema alisimama pale pale katikati ya uwanja. Mfa maji haachi kutapatapa. Alimtazama Bibi, akatazama barabara, kisha akamgeukia baba.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye unayeijua hiyo dawa. Nakuuliza wewe. Niende, au nimpake kwanza?"

Baba alikuwa ameshika kipande chake cha chupa. Namwona mpaka leo. Aliwatazama wale madereva wawili, na wao walikuwa wanamtazama yeye. Akatazama kopo chini ya bati. Akanitazama mimi, muda mfupi tu, kisha akaondoa macho.

"Mpake kwanza, shemeji," akasema. "Tuone."

Walimpaka kifuani, mgongoni, kwenye nyayo, na Bibi akamtia kwa kidole ulimini. Nilisikia harufu ikipanda kwenye ile ngozi ya mtoto yenye joto, harufu ya gereji, na mtoto mweusi tii kama ametolewa chini ya lori. Baada ya muda miguu ikaacha kuruka. Macho yakafumba. Akalala. Madereva wakapiga makofi, mmoja akasema atamleta mama yake kutoka Makambako. Mama Neema alipiga magoti mbele ya baba, jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu akimfanyia, na baba akamwinua kwa mkono mmoja bila haraka, kama aliyezoea.

Mtoto aliendelea kulala. Mama aliporudi kutoka shambani na jembe lake begani alimkuta Mama Neema amekaa mlangoni anajivunia kwamba mwanawe amepumzika. Mama alimgusa Baraka paji la uso, akamwita jina, akamfinya kisigino. Mtoto hakushtuka. Mama alimbeba yeye mwenyewe, akavuka naye barabara huku malori yanampigia honi, na Mama Neema nyuma yake.

Baraka alikufa alfajiri. Ule haukuwa usingizi. Mama alikuja kunisimulia nikiwa mtu mzima, tena mara moja tu: kwamba muuguzi alimfuta mtoto kifua kwa pamba, pamba ikawa nyeusi, akachukua nyingine, nayo ikawa nyeusi, akauliza, "Mmempaka nini huyu?" na Mama Neema akajibu kwa adabu zote, "Dawa." Kwamba daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba wangemleta mchana pengine wangemuwahi. Asubuhi ile mama alirudi nyumbani, akalichukua lile kopo, akalimwaga chooni, akalitupa na kopo lenyewe. Baba alisimama akamtazama.

Baba ndiye aliyetengeneza jeneza. Alikata mninga aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kabati la mtu, akalipiga msasa kwa aina tatu za karatasi, akalipaka linsidi kwa kiganja, akasugua mpaka likang'aa. Halikuwa refu kuliko ile mbao ya bunduki. Hakudai kitu. Waombolezaji walilipitishia mikono wakasema hawajaona jeneza la mtoto lililotengenezwa kwa upendo namna ile, na Mama Neema, sauti imemkauka, alimshika baba mkono akamwambia, "Asante shemeji. Umenisitiri." Baba akainamisha kichwa. "Usijali," akasema. "Ni wajibu." Watu walimwonea huruma. Mimi nilikwenda nyuma ya lundo la maranda nikatapika.

Hapo nilikuwa bado namtetea, moyoni. Nilijiambia baba aliamini kama Bibi alivyoamini. Bibi hakuwa na hatia ya kujua. Alilia mpaka akaugua, na hakusuka tena ukili barazani.

Wiki chache baada ya maziko Mzee Lugendo alikuja kuchukua mbao yake. Alikuwa hana habari ya lolote. Baba alikuwa ameshaifunika kwa chokaa sasa, ameikausha, ameipaka, na iling'aa ikionyesha mistari yake mizuri ya rangi ya asali. Mzee aliigeuza huku na huku. Akaisogeza puani.

"Aisee," akasema. "Imetoka yote! Unajua mimi kila masika nilikuwa naichovya kwenye oili chafu ya trekta, kwa ajili ya mchwa. Miaka na miaka. Nikadhani haitatoka. Wewe ulijuaje uitoe vipi?"

Nilikuwa nimekaa chini, kinu katikati ya miguu. Nikamtazama baba. Nilitaka ashtuke. Nilimwomba Mungu baba yangu ashtuke.

Baba alitabasamu, tabasamu la fundi aliyesifiwa na mtu anayejua kazi. "Harufu tu, mzee," akasema. "Siku ile ile ya kwanza, ilipotoka jasho, nilijua ni oili chafu. Mimi pua yangu haidanganyiki."

Mzee Lugendo akacheka, akamsifu, akaifunga mbao yake kwenye shuka safi. Na baba akapokea zile sifa zote, moja baada ya nyingine, mbele yangu.

Utotoni nilidhani kinyaa changu ni cha utando ule na nywele zile na jasho la watu waliokufa, nikadhani nikikua kitaisha, kama watoto wanavyoacha kuogopa giza. Hakikuisha. Nimekuja kuelewa kwamba watu wote pale uwanjani walidanganyika isipokuwa wawili, na mmoja wa wale wawili alikuwa mtoto, na mwingine alikuwa ndiye aliyeulizwa. Mama Neema hakuomba dawa siku ile. Aliomba neno. Lilikuwepo mdomoni mwa baba, na lingemgharimu kuitwa "we fundi" tena na madereva wawili ambao hata majina yao hakuyajua.

Baba ni mzee sasa, yupo palepale Mikumi, na watu wanamheshimu. Mama Neema bado ni jirani, humpelekea uji asubuhi. Nikienda kumsalimia baba hupiga goti kama nilivyolelewa, nampa shikamoo, naye huitikia marahaba na kunishika mkono kwa viganja vyake viwili. Nikishaachiwa naomba maji ninawe, na yeye hudhani ni vumbi la safari.